Mwenye Sare Hubaki Amesimama

Jumamosi mchana, tukishafunga kazi, Shangazi huondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, tunakaa wanne na kucheza hadithi. Karakana ya kushona ni yake. Mimi ni fundi wake wa vifungo na pindo. Msimulizi ni Fundi Umeme wa duka la jirani. Yeye hutuambia tumefika wapi na nani anatujia. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi. Vita vikitokea, kila upande unarusha dadu ya pande ishirini, na mwenye namba kubwa ndiye anayepiga.

Shangazi ni mganga mwenye kisu. Mimi ni mpiga mishale bubu. "Hata mchezoni umejichagulia kunyamaza," Shangazi alisema siku ya kwanza. Wote wakacheka, nami nikacheka ili yaishe. Wa nne ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, tunamwita Wembe. Mtu wake alikuwa Chongo, mpiga upanga mwenye jicho moja, na alikuwa naye mwaka mzima. Ukienda kunyolewa kwake alikusimulia Chongo alivyovuka mto, ungedhani anamsema kaka yake.

Kwa kuwa sisemi sana, Fundi Umeme aliona naaminika. Akanipa daftari la sheria, alizozinakili kwa mkono kutoka kitabu cha kuazima. "Wewe ndiye mtunza sheria. Tukibishana, unatusomea."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Niliacha shule darasa la tatu. Kusoma nasoma, lakini neno moja moja, kwa kidole, nikiwa peke yangu. Mbele za watu herufi zinanikimbia. Nikasema, "Haya," nikalipokea kwa mikono miwili.

Miezi minne niliishi kwa masikio. Sheria nyingi nilikwisha kuzisikia, basi nilifungua ukurasa wowote, nikainama, nikatamka ninachokumbuka.

Jumamosi moja, mchezoni, tulikuwa darajani. Nahodha wa walinzi akatoka langoni. "Amevaa sare nyekundu," alisema Fundi Umeme, "vifungo vya shaba mpaka kooni."

"Mikono mirefu au mifupi?" nikauliza.

Wembe akapiga meza. "Bubu amesema! Na ameuliza mikono!"

Nahodha akamrukia Chongo. Baada ya mapigo kadhaa wote wawili walikuwa hoi. Atakayepigwa tena, amekufa. Nahodha akashambulia tena, na Fundi Umeme akamrushia dadu: kumi na nne. Wembe akaipuliza dadu yake, akarusha: kumi na nne.

"Turushe upya kama siku zote," alisema Wembe.

"Siku zote ni uvivu wetu tu. Hapa kuna roho ya mtu," alisema Fundi Umeme. "Mtunza sheria, inasemaje?"

Hiyo sikuwahi kuisikia. Nikapekua mpaka nikaona dadu mbili zimechorwa pembeni, namba zao sawa, nikajua ndipo. Chini yake palikuwa na mstari mmoja. Watu watatu walinitazama mdomoni. Neno la kwanza lilinichezea, na la tatu lilikuwa refu, halishikiki. Kati yake nikaona neno ninalolijua vizuri, maana lundo lake lilikuwa kitini kando yangu, sketi arobaini za shule: sare. Na mwisho: hubaki amesimama. Nikaunganisha.

"Mwenye sare hubaki amesimama."

"Mwenye sare?" Wembe alisema. "Yaani nguo ndiyo inaniua?"

Fundi Umeme akajikuna kidevu. "Labda ni upendeleo wa askari. Mimi nilinakili tu. Umesoma vizuri?"

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa hiyo. "Ndiyo," nikasema.

Wembe hakubisha. Aliikunja karatasi ya Chongo mara mbili, akaitia mfuko wa shati. "Mwaka mzima," akasema, "halafu naja kuuawa na cherehani." Alikuwa anatania, lakini aliondoka ameiacha chai yake nusu.

Jumanne redio ya kinyozi ilikuwa juu, mpira ukitangazwa. Nilikuwa naweka kifungo. Mtangazaji akasema dakika tisini zimekwisha na timu zimetoka sare, bao moja kwa moja. Mkono wangu ukasimama.

Nikaenda nyuma ya pazia la kujipimia nguo na lile daftari. Wa-ki-to-ka sare. A-li-ye-sha-mbu-li-wa hubaki amesimama. Nahodha ndiye aliyeshambulia. Chongo hakupaswa kufa.

Siku zilizobaki nilimwona Wembe kupitia dirisha akinyoa watu kimya. Salamu alinipa kama kawaida, na hilo liliniuma zaidi. Nikatunga uongo wa kumfufua Chongo bila mimi kuaibika: nitasema niliruka mstari. Ule mstari wa kweli niliukariri nikipiga pasi, nikifagia, nikioga.

Jumamosi, kabla hatujaanza, nikasema, "Niliruka mstari. Ni hivi: wakitoka sare, aliyeshambuliwa hubaki amesimama." Ulinitoka laini kabisa.

Wembe akainuka nusu kitini. "Chongo yu hai?"

"Ngoja," alisema Fundi Umeme. Alifurahi, maskini. "Na huyo aliyeshambulia anakuwaje? Soma unaofuata."

Nikatazama unaofuata. Nikautazama sana.

"Mwanangu?" aliita Shangazi.

"Siwezi kusoma haraka," nikasema. "Siku ile sikuruka kitu. Niliona sare, nikadhani ni hizi." Nikagusa sketi.

Wembe akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Sare za shule! Chongo wangu kauawa na sketi!" Kisha akaniona uso, akakatisha. Kicheko ningekivumilia. Kule kukikatisha kulinimaliza.

"Kwa nini hukuniambia?" Shangazi aliuliza taratibu. Jibu la kweli lingemuumiza, basi nikaanza kuzipanga upya sketi.

Fundi Umeme akakohoa. "Basi Chongo amesimama. Vita vinaendelea. Nahodha anamshambulia tena." Akarusha: kumi na saba.

Wembe akaifunua karatasi yake. Mikunjo ilikuwa imeanza kufuta maandishi. Nilimwombea ashinde kuliko nilivyowahi kuomba kitu mchezoni. Akishinda, nitakuwa nimerudisha nilichokichukua.

Akarusha: tatu.

Wembe aliitazama dadu, kisha akapumua. "Haya," akasema. "Sasa nimekufa kihalali." Wala sauti yake haikuwa na chuki. Nilitamani iwe nayo, walau nijue pa kuanzia kuomba radhi.

"Nisamehe," nikasema kuielekea meza.

"Nimekusamehe, lakini usinizike mara ya tatu." Akavuta karatasi mpya. "Sheria ya kuanza na mtu mpya iko ukurasa gani?"

Nikamsogezea Fundi Umeme daftari. Hakuligusa. Shangazi akajifanya anatafuta uzi.

"Sijui," nikasema. "Lazima nitafute. Nitachelewa."

"Nani ana basi la kuwahi hapa?" Wembe alisema, akaanza kuchonga penseli yake polepole mno, macho kwenye penseli.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Masikio yalikuwa yananiwaka moto, nami nikaanza kusoma, kwa sauti, kama mtoto.