Jile ya Kuvuka Pakavu

Jile ilikuwa ya rangi ya machungwa, ile ya kuokolea watu wanaozama, na ilinuka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Wenceslas, ajenti aliyekaa kwenye kibao nyuma ya kizuizi cha muti mumoja, alininyooshea kama padri anayetoa komunyo.

"Vaa, muzee. Kwenda ku kisiwa, ni lazima."

Nikatazama mbele. Mawe meusi ya volkano, makavu, na mbuzi akipita juu yake bila jile.

"Maji iko wapi?"

"Iliisha mwaka ule lava ilishuka."

"Sasa?"

"Sasa wakubwa hawajaandika kama iliisha."

Mimi shule niliiacha mwaka wa nne wa primeri, lakini pakavu napajua. Nikamwambia yote. Bomba letu la mutaa wa Mabanga linalokohoa upepo tu. Barabara inayokula viatu. Na leo Leta, serikali hiyohiyo, inataka kutuokoa kutoka maji ambayo hayapo. Wenceslas alinisikiliza kwa adabu, kama mutu aliyekwisha kusikia hayo asubuhi.

"Iko na ya saizi kubwa pia," akasema.

Joyeuse, mudogo wa marehemu muke wangu Mwavita, alikuwa tayari amefunga yake juu ya kitenge. Mukononi alishika kibakuli. Jumamosi, siku ya posho, tungeondoa matanga ya Mwavita, na familia yake ilikuwa imekata neno: udongo wa mahali alipozaliwa utiwe juu ya kaburi, na bwana yake auchimbe mwenyewe.

Alizaliwa pale, ku kisiwa, chini ya avoka, muparachichi wa mama yake. Miaka yote ya ndoa aliniomba jambo moja: twende nikuonyeshe ile avoka. Mutumbwi ulichukua robo saa. Nikamwambia, Leta ijenge daraja kwanza. Mimi si samaki. Halafu volkano ikashuka, ikafanya kwa siku moja kazi ambayo wakubwa waliahidi tangu tuko vijana, ikaunganisha kisiwa na inchi kavu. Mwavita akasema, daraja ndiyo hii. Nikasema mawe bado moto. Miaka mitano ikapita, nikasema bado. Baadaye nikasema sitapita mahali ambapo hakuna mukubwa aliyekuja kukagua. Mwaka jana pressio, damu ya kupanda, ilimuchukua, akiwa hajafika.

Nikavaa jile. Ya saizi kubwa.

Tulipita polepole. Kila upande, mbali kidogo, ziwa lilikuwa linametameta, na mimi nilitazama viatu vyangu tu. Joyeuse alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shemeji, unatembea kama mutu yuko juu ya mayai."

"Mawe ya Leta haya. Hakuna aliyeyapima."

Avoka haikuwapo. Kulikuwa na kisiki, na juu yake mutu ameanika soksi. Nilipiga magoti, nikachimba kwa mikono, udongo mweusi, mwepesi, mpaka kibakuli kikajaa. Jile ilinipanda mpaka masikioni. Hakuna aliyewahi kuomboleza akiwa amevaa vibaya vile.

Joyeuse akakaa juu ya kisiki, kando ya soksi.

"Mwavita alijua, shemeji."

"Alijua nini?"

"Kama unaogopa maji. Alituambia toka mwaka wa kwanza. Akasema, yule ni mutu wa mulima, anaoga kwa kopo na macho amefunga. Musimuambie kama najua. Mumuache agombane na Leta."

Nilitafuta wa kulaumu, na kwa mara ya kwanza sikupata hata burugumesta, mukubwa wa komine yetu.

Nyuma ya kisiki ardhi ilishuka mpaka ziwani. Nikavua viatu. Nikaingia, kidole, kifundo, mpaka magotini. Maji yalikuwa baridi, na hayakunitaka kwa lolote. Nilishika kamba za jile kwa mikono miwili, nikabaki pale muda wa kusali Salamu Maria tatu. Ya mwisho niliisali macho wazi.

Tuliporudi, Wenceslas alipokea majile mawili. Akatazama suruali yangu iliyokuwa ikichuruzika. Akatazama lava, kavu kama mukate wa juzi. Akanitazama tena.

"Unaona, muzee?"

"Naona, shefu," nikasema.