Pete Nne kwa Karatasi za Mkunga

Fundi wa majalada alikuwa na msimamo mmoja maishani, nao ulihusu pete za mafaili. Pete za mviringo, alisema, ni za watu wasio na karatasi. Ukizijaza, karatasi za chini zinajikunja, za juu zinaning'inia, na mwaka haupiti matundu yote yamechanika. Karatasi za maana hutiwa pete zilizonyooka upande mmoja, tena zifungwe kwenye jalada la nyuma, si kwenye uti wa faili. Wifi yake, ambaye walifanya kazi meza moja, alikuwa ameyasikia haya mpaka aliweza kuyasema amefumba macho, na siku nyingine aliyasema.

Jumatatu asubuhi waliingia dada wawili na boksi moja, kila mmoja ameshika upande wake na hakuna anayekubali kuachia. Mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu, mdogo alikuwa mkunga. Ndani mlikuwa na karatasi mia nne na kumi na mbili za marehemu mama yao, naye mkunga vilevile: karatasi moja kwa kila mtoto aliyempokea.

"Zishonwe," alisema mwalimu. "Isitoke hata moja."

"Zitiwe pete," alisema mkunga. "Mimi nitaongeza za kwangu."

"Utaongeza, au utapunguza?"

Mkunga akatazama dari.

Fundi alipima rundo kwa rula: sentimita tano na ushei. Akawaeleza kwamba marehemu aliandika karibu mno na ukingo. Zikishonwa, kitabu hakitafunguka mpaka ndani, na maneno ya ukingoni yatamezwa. Pete zingefaa zaidi, tena nne, si mbili, maana uzito ukigawanywa kwa nne karatasi hazichaniki.

Mwalimu alifikiri. "Basi pete. Lakini zihesabu. Ziingie mia nne na kumi na mbili."

Walipotoka, wifi aliwasindikiza kwa macho. "Nasikia wale ni chanda na pete."

"Basi chanda kimevimba," alisema fundi, akavuta mashine ya kutoboa.

Kesho yake mkunga alikuja peke yake, hata mlango haujafunguliwa vizuri.

"Ile karatasi ya thelathini na saba, fundi. Usiitoboe. Nipe mimi."

"Nimeshaitoboa."

"Umeisoma?"

Kusoma karatasi za mteja si adabu, lakini huwezi kutoboa matundu manne bila kuangalia maneno yako wapi. Fundi alikuwa ameisoma. Iliandikwa: *Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu. Mama yake hakuamka. Siku tatu, hakuna aliyekuja. Nimemchukua mimi.* Chini yake, kwa kalamu nyingine: *Meno mawili.* Kisha: *Ameanza shule, hakulia.* Na kuendelea hivyo, mstari baada ya mstari, miaka na miaka.

"Dada hajui kwamba mtoto huyo ni yeye," alisema mkunga. "Mama aliniambia nikiwa na miaka ishirini. Tangu hapo, kila dada akitaka kulifungua boksi, naitoa kwanza naificha chini ya godoro. Akiondoka nairudisha."

Wifi, ambaye mdomo wake haukuwa na pazia, aliuliza, "Kwa miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Godoro hilo hilo?"

"Magodoro matatu."

Fundi alimwonea huruma, lakini hesabu ni hesabu. "Nimeambiwa mia nne na kumi na mbili. Nikitoa moja, nitakuwa nimemdanganya mteja. Ukitaka itoke, ongea naye."

"Ongea naye sasa," alisema mwalimu. Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kwapani, wala hakuonekana kama mtu aliyefika dakika hiyo.

Mkunga alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Mwalimu akaliendea rundo, akahesabu kwa kidole kilicholowa mate mpaka thelathini na saba, akaivuta.

"Ndiyo hii niliyokuwa sitaki itoke."

"Dada, unajua?"

"Tangu nina miaka tisa. Boksi lilikuwa chini ya kitanda changu, na kusoma nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nilikuwa nikiisoma, narudisha, nalala. Halafu siku moja nikaitafuta, haipo. Kila nikiitafuta, haipo. Nikadhani mama ameichoma. Nikadhani amejuta kuiandika. Mpaka juzi nilipohesabu bila wewe kujua, nikaiona imo; ukaingia kabla sijaisoma."

"Nilikuwa naificha usije ukaumia!"

"Ahsante," alisema mwalimu. "Niliumia."

Wifi alichukua kadibodi ambayo haikuhitaji kukatwa, akaikata. Fundi alitazama riveti zake nane za kufungia pete kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Alitamani kusema neno, lakini alilokuwa nalo lilihusu pete, akalimeza.

Mwalimu alivaa miwani, akaisoma karatasi mpaka chini, mistari ambayo hakuwahi kuiona. Kwenye mmoja alisimama, akaurudia kwa sauti: "*Amemaliza mwaka wa kwanza wa kufundisha. Watoto wanamwogopa. Na mimi kidogo.*"

Akacheka. Kicheko kilianza vizuri, kikaharibika katikati, na mkunga akainuka kutoka kwenye kigoda akamshika mabegani. Walikaa hivyo kwa muda mrefu kidogo kuliko desturi ya karakana.

Mchana fundi alifunga pete kwenye jalada la nyuma, akagonga riveti, akapanga karatasi. Mwalimu alihesabu upya zote na kuafiki. Faili akaondoka nalo yeye. Mkunga aliruhusiwa kulifungua Jumapili, mwenye faili akiwepo.

Miezi saba baadaye walirudi na boksi jipya, watoto waliopokewa na mkunga. Faili la kwanza halikuwa na nafasi tena, hivyo walitaka la pili. Pete walikubaliana bila neno. Rangi ya jalada ndiyo iliyowashinda: mwalimu alitaka nyeusi, mkunga alisema si msiba. Fundi aliwaachia sampuli mezani, akaenda zake kula.