Kapeti Bichi

Binti alikuwa amemwomba baba yake jambo moja tu kuhusu gari: asiliguse. Kesho yake asubuhi angelitumia kufanya mtihani wa udereva, na kliniki ya mtaa wa pili ilikuwa imemshikia kazi ya kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Walitaka kuona leseni kabla ya Ijumaa kwisha. Vinginevyo wangemchukua mwingine.

"Liache kama lilivyo, Baba," alisema. "Nimelizoea na vumbi lake."

Mzee aliitikia. Lakini alikuwa ameendesha teksi tangu ujana mpaka magoti yalipomgomea, na wenzake kituoni walimwita Bwana Kitambaa, kwa kile kitambaa cha kufutia kilichokaa begani mwake kama mtoto wa kubebwa. Kwake, kumpandisha mgeni kwenye gari chafu ni sawa na kumkaribisha mezani kwenye sahani ya jana. Na mtahini ni mgeni. Binti alipokwenda kazini kwake, duka la viatu, mzee alitoa ndoo.

Alianza na vioo, akajiapia kukomea hapo. Vioo viling'aa mpaka viti vikaonekana vichafu. Akasugua viti. Viti vilipopendeza, kapeti likawa aibu tupu. Akalimwagia maji ya sabuni, akalisugua kwa brashi ya nguo, akalikausha kwa matambara hadi kiganja kikatoka kikavu. Chini ya kapeti kulikuwa na sponji, nayo ilikuwa imekunywa ikashiba.

Mkewe alimchungulia kwenye dirisha la jikoni. "Si uliambiwa usiguse?"

"Napangusa vumbi tu."

"Vumbi gani hilo linaloogeshwa?"

"Mtahini akikaa akakuta uchafu, atasemaje?"

"Atasema gari limezeeka kama mwenyewe. Haya, mwambie mtoto, ajue."

"Nitamwambia."

Hakuna aliyeijua hatari ya kapeti bichi kuliko yeye. Kila kipupwe madereva vijana walimlalamikia kuwa vioo vyao vinaingia ukungu kwa ndani, naye aliwapa darasa bila kuombwa mara mbili. Kioo hakitoi maji, aliwaambia. Maji yanatoka kwenye pumzi zenu, makoti yenu yaliyolowa na kapeti bichi. Yakipata joto yanapanda, yakikuta kioo cha baridi yanakuwa ukungu hapo. Kausheni ndani ya gari, ingizeni hewa ya nje, msiizungushe ileile ya ndani.

Asubuhi binti alifungua mlango, akasita. "Mbona pananukia sabuni?"

"Nimepitisha dawa kidogo kwenye dashibodi, mama."

Binti alimtazama, kisha akacheka. "Umeshindwa kujizuia, eh?"

Hapo ndipo pa kusema. Mzee alimwona alivyochana nywele, alivyovaa sweta aliyoipiga pasi, akaona si vizuri kumtia mtoto wasiwasi dakika ya mwisho. Njiani kiatu cha mzee kilizama kidogo kwenye kapeti, na ubaridi ukapenya soksi. Akateremsha dirisha. "Hewa safi itakuamsha," alisema. Vioo vikabaki safi bila ukungu mpaka uwanja wa mitihani.

Mtahini alikuwa na mafua. Kabla hawajaondoka mzee alimsikia akisema, "Dada, funga madirisha hayo, na uwashe hita mpaka mwisho." Mzee aliinuka kwenye benchi. Alifungua mdomo, akaona watu waliopanga foleni wanamtazama, akakaa tena.

Gari lilirudi mapema mno. Mtahini ndiye aliyekuwa anaendesha, kichwa nje ya dirisha kama kobe. Binti alikaa pembeni yake, mikono mapajani.

"Mzee, humo ndani una bwawa," alisema mtahini akishuka na leso puani. "Tulifika penye kivuko cha wanafunzi, kioo kikajaa ukungu chote. Kila akifuta, kinarudi. Binti yako akaegesha pembeni, akaniambia haendi mahali asipopaona. Amefanya vizuri, wala simfelishi. Lakini siwezi kumpasisha kwa njia ambayo hakuiendesha. Nafasi nyingine ni mwezi ujao."

"Kuna kazi inamsubiri Ijumaa," mzee alisema.

"Ameniambia. Nimesikitika, mzee wangu." Akaita jina lingine.

Binti aliinamia mlangoni, akakandamiza kapeti kwa vidole. Maji yakachuruzika.

"Kuosha sina neno nako," alisema kwa sauti ya chini. "Nilijua utaosha. Wewe ungeosha hata barabara. Ungeniambia tu. Ningemwomba yule mtahini avumilie dirisha wazi kidogo, au ningetandika magazeti. Neno moja, Baba."

"Niliona haya."

"Hata nilipokuuliza?"

Mzee alifungua mlango wa dereva. "Twende kliniki," alisema. "Nitawaeleza mimi kwamba kosa si lako."

"Watauliza leseni iko wapi. Hawataki habari za kapeti." Akazunguka upande wa abiria. "Nipeleke dukani. Niliomba ruhusa ya asubuhi tu."

Waliendesha madirisha yote yakiwa wazi, wakitetemeka. Mara mbili mzee alikohoa ili aanze kusema, na mara zote mbili binti alitazama nje. Mbele ya duka alishuka, akanyoosha sweta.

"Mwambie Mama nitachelewa kidogo. Nitapita kliniki jioni niwaage vizuri, wasidhani niliwadharau."

"Nije nikuchukue?"

"Nitatembea."

Mzee hakuondoka. Kupitia dirisha la duka alimwona akivaa aproni, akipiga magoti mbele ya mama mmoja mnene na kumvalisha kiatu, akitabasamu kama mtu aliyeamka salama. Akamfungia kamba. Akamletea cha saizi nyingine. Gari la nyuma lilipiga honi, mzee akainua mkono kuomba radhi, akatia gia.