Kitufe cha Bi Nukta

Nilipoambiwa kwamba mashine ya kuchomelea inaletwa, nilishukuru kimoyomoyo. Wenzangu watatu wa meza yetu walinuna, mmoja akaenda kulia chooni akidhani hasikiki, lakini mimi nilirudi nyumbani nikalala usingizi ambao sikuupata tangu bega lilipoanza kunisumbua. Nilijua mashine ikishaingia, sisi tutapewa barua za kuondoka. Hiyo barua ndiyo niliyokuwa naitaka, maana anayeacha mwenyewe haondoki na senti.

Kiwanda chetu kinatengeneza makabati ya chuma, yale ya ofisini yanayopiga kelele ukiyafungua. Bati linakatwa na mashine, linakunjwa na mashine, linapakwa rangi na mashine. Katikati ya hapo, miaka yote, palikuwa na wanawake wanne na bunduki za kuchomelea zinazoning'inia kwa springi. Unabana mabati mawili kati ya ncha mbili za shaba, unabonyeza, umeme unapita, linabaki doa dogo la mviringo na mabati hayaachani tena. Ndiyo nukta. Mlango mmoja wa kabati una nukta nyingi, siku moja ina milango mingi, na ile bunduki, hata kwa msaada wa springi, ni nzito kama mtoto anayegoma kushuka mgongoni. Nimeibeba mpaka nikaitwa Bi Nukta, na jina hilo nimelizoea kuliko la kuzaliwa.

Aliyepewa kazi ya kuiunga mashine mpya na mstari wa uzalishaji ni fundi mitambo, na fundi mitambo huyo ni mume wa binti yangu. Mtoto wa watu, mpole, ana heshima mpaka inachosha. Nikipita anasimama. Nikiongea anaangalia viatu vyake. Tangu amuoe mwanangu hatujawahi kuzungumza jambo la maana ana kwa ana. Likiwepo neno, namwambia binti, binti anamwambia mumewe, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo likiwa limeshapoa. Ndivyo nilivyolelewa kuishi na mkwe, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Siku zile za kufunga mashine zilitumaliza sote. Walichimba sakafu wakasimika mikono miwili mikubwa ya chuma, wakaizungushia uzio wa waya, wakavuta mabomba ya maji ya kupoza shaba na mabomba ya hewa ya kubania. Vumbi la saruji likaingia hadi kwenye vyakula vyetu. Kisha mashine ikafundishwa kusikilizana na mkanda unaobeba milango: mlango ukifika, jicho la umeme linauona, mkanda unasimama, mikono inainama na kupiga nukta zake, mkanda unaondoka. Nasema hivi kana kwamba ni jambo dogo. Siku ya kwanza mikono ilipiga nukta hewani, pembeni kabisa mwa mlango, tena kwa bidii zote. Siku nyingine mkanda ulikataa kusimama, milango ikarundikana mpaka mtu akakimbilia swichi kuu. Mkwe wangu alikonda, macho yakamwiva. Nikamwambia binti amlazimishe kula, akanijibu kwamba mumewe anasinzia na kijiko mkononi.

Mwishowe mashine ikakubali. Wenzangu wakaitwa ofisini mmoja mmoja, wakapewa barua na kiinua mgongo. Kwa upande wangu ningeomba na cha kuinua bega. Tukakumbatiana getini, nikarudi ndani kungoja zamu yangu ya kuitwa. Badala yake msimamizi akanijia akitabasamu kama mtu aliyeniletea zawadi.

"Wewe unabaki," akasema. "Fundi anasema mashine inahitaji mtu mzoefu wa kuangalia mlango umekaa sawa, halafu aiambie iendelee. Una bahati, Bi Nukta."

Niliingia stoo nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka hasira ziliponishuka. Kisha nikaenda kuoneshwa bahati yangu. Nje ya uzio kulikuwa na nguzo, juu ya nguzo kisanduku, na kwenye kisanduku kitufe cha kijani. Mlango unakuja, nautazama, nabonyeza, taa inawaka, mikono inainama. Mlango mwingine. Kiti hakiruhusiwi kwa sababu ukikaa utasinzia. Nilidhani kubeba ndiko kunakochosha, kumbe kusimama bila kubeba kitu kunachosha zaidi, maana hata pa kuegemea huna. Vijana wa mashine ya rangi wakanipa cheo kipya, wakaniita mama mkwe wa mashine. Nilicheka nao, lakini jioni nilikuwa nafika nyumbani hoi, siwezi hata kuinua mkono kuvua gauni.

Hata hivyo kazi niliifanya. Sijazoea kufanya kazi kwa kulipua. Nilikitunza kile kitufe, nikabana mkojo mpaka mapumziko ili mstari usije ukasimama kwa ajili yangu.

Siku moja, joto likiwa limetuelemea, glavu ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, mgongo ukakataa kunyooka upesi, na nikiwa bado chini nikasikia mikono inapiga nukta. Nikadhani labda nilikuwa nimeshabonyeza. Mlango uliofuata nikakunja mikono kifuani. Ukaja, ukasimama, ukapigwa nukta zake zote, ukaenda. Uliofuata vilevile. Nikabonyeza mkanda ukiwa mtupu: taa ikawaka vizuri kabisa na hakuna kilichotikisika. Nikazunguka nyuma ya kisanduku. Waya ulitoka kwenye kitufe ukaenda kwenye taa, ukaishia hapo.

Kwanza nilicheka peke yangu mpaka machozi. Halafu nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikibana mkojo, kicheko kikakatika.

Jioni nilipitia kwa binti yangu. Alikuwa sebuleni anakunja nguo, mumewe hajarudi.

"Mumeo amenipa kitufe cha kuchezea," nikamwambia.

Hakuuliza kitufe gani. Hapo nikajua wamekula njama wote wawili.

"Mimi ndiye niliyemwomba, mama. Nilimwambia afanye awezavyo usiachishwe kazi."

"Nami nilikwambia nini kuhusu bega langu?"

"Kwamba umechoka. Baba naye alisema hivyohivyo. Akaacha kazi, akakaa kwenye kile kiti chake cha barazani, hata mwaka hakumaliza."

"Baba yako alikuwa mgonjwa. Alikwenda kazini na ugonjwa wake mpaka miguu ikagoma. Kiti hakikumuua."

Aliendelea kukunja shati lilelile, akilikunjua na kulikunja upya. "Sitaki na wewe ukae," akasema.

"Basi nipelekee ujumbe. Mwambie mumeo nataka kutoka."

"Siupeleki huo. Ukitaka, mwambie mwenyewe."

Alijua ananibana mahali nisipoweza kupita. Nilimkasirikia nikatamani kumchapa kama zamani, na papo hapo nilimwonea huruma, kwa sababu mtoto huyu hajamaliza kumzika baba yake. Nilimsaidia kukunja nguo zilizobaki, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Usiku ule bega halikunipa nafasi. Asubuhi nikapiga moyo konde. Nilimkuta mkwe wangu ndani ya uzio, umeme umezimwa, anasugua ncha za shaba kwa tupa.

"Baba," nikamwita.

Akasimama, macho yakaenda kwenye viatu.

"Niangalie mimi. Viatu havitakusaidia leo."

Akainua macho taratibu. Yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye naye hajalala.

"Kile kitufe hakina kazi."

"Ndiyo, mama."

"Nimechoka. Nimechoka hadi kwenye mifupa, na nakwambia wewe kwa sababu mke wako hataki kukwambia. Naomba unitoe hapa."

"Atalia, mama."

"Ni mwanangu. Akilia nitambembeleza mimi."

"Na meneja? Nilimhakikishia kwamba lazima mtu awepo."

Nilirudi kwenye nguzo yangu, yeye akawasha mashine, milango ikaanza kuja.

Kabla ya mchana meneja akapita na msimamizi, katika ule ukaguzi wake wa mikono nyuma. Akasimama mbele yangu, akanitazama nikibonyeza, akamgeukia fundi.

"Hivi huyu mama hasa anafanya nini hapa?"

Mkwe wangu angeweza kurudia uongo wake. Nilimwona akiutafuta, kisha akauacha.

"Hana kazi hapa," akasema, kwa sauti ya juu kwa sababu ya kelele za mitambo, na kila aliyekuwa karibu akasikia. "Mashine haimhitaji. Kitufe hakijaungwa na kitu. Nilikiweka mimi, na nilikudanganya."

Meneja alimpa maneno ambayo mwanamume hapaswi kuambiwa mbele ya mama mkwe wake. Alisemwa kama mtoto aliyeiba sukari. Hakujitetea, na safari hii hakuangalia chini. Vijana wa rangi walijifanya wako bize. Alipomalizana naye, meneja akaniambia niende ofisini wakaniandikie barua.

Nilikuwa nimeyaomba mwenyewe yale maneno. Nilichokuwa sijui ni jinsi yatakavyosikika. Hana kazi hapa. Yalinichoma mbele ya watu niliofanya nao kazi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nikatamani arudi ayaseme tena vingine, kwamba niliwahi kuwa na kazi, kwamba nusu ya makabati ya ofisi za mji huu yameshikwa na mkono wangu. Lakini hakukuwa na namna nyingine ya kuyasema.

"Nisamehe, mama," mkwe wangu akaniambia nilipompita.

"Ahsante, baba," nikamjibu, nikaenda kuchukua barua yangu huku nalia.