Mwanya wa Radi

Mke wangu anatengeneza meno bandia, na kwa miaka thelathini na minne amempenda mwanamume mwingine. Nasema hivyo bila kinyongo, maana nilijua kabla sijamuoa. Siku ya kwanza kwenda kwao kujitambulisha nilikuta picha ya huyo bwana ukutani sebuleni, kubwa kuliko ya baba mkwe. Alikuwa na gitaa tumboni, nywele hadi mabegani, mdomo ameuachama kama anayemfokea mtu aliye ng'ambo ya mto. Nikamuuliza shemeji yangu kwa adabu zote, yule ni nani katika ukoo? Shemeji alicheka hadi akakaa chini.

Huyo bwana ni mwanamuziki wa roki. Mashabiki wanamwita Radi, na jina alilopewa na wazazi wake sijapata kusikia mtu akilitaja. Mke wangu ana kaseti zake zote, santuri zake zote, na fulana kumi na moja za ziara zake, ambazo haziguswi na sabuni ya mtu mwingine. Binti yetu alizaliwa siku tatu baada ya tamasha ambalo mama yake alihudhuria na tumbo la miezi tisa, kasimama mstari wa mbele karibu na spika. Mtoto yule hadi leo hashtuliwi na kelele.

Mimi nafundisha jiografia sekondari na napenda utulivu. Nilipozidiwa nilianza kumwita Radi "mume mwenzangu".

"Wivu huo, mwalimu," mke wangu hunijibu, na kuongeza sauti ya redio.

Karakana yake iko nyuma ya kliniki ya meno. Ni chumba cha dirisha moja, na ndani mna meza ndefu ya mbao, taa ya kuinamisha, jiko dogo la kuyeyushia nta, mashine ya kusagia, na rafu zilizojaa mataya ya plasta, kila taya na namba yake. Kule mbele daktari huchukua chapa ya mdomo wa mgonjwa, na huku nyuma mke wangu humimina plasta, akapanga meno. Wagonjwa hawamwoni, wala yeye hawaoni. Anawajua kwa namba tu.

Jumanne moja, shule zikiwa zimefungwa, nilimpelekea chakula cha mchana. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, taya ameishika kwa mikono miwili.

"Funga mlango," alisema.

"Kuna nini?"

"Huu mdomo naujua."

Nilitazama. Juu yalikuwa yamebaki meno manne tu. Yale mawili ya mbele yalikuwa na mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti, na la kushoto lilikatika pembeni.

"Hili alilivunja kwa kipaza sauti," alisema. "Wimbo wa tatu. Nilikuwepo. Mtoto alinipiga teke tumboni palepale."

"Mama nanii, watu wenye mwanya ni wengi."

"Mwalimu, wewe ukiwekewa ramani isiyo na majina, utashindwa kuonyesha bahari?"

Ya bahari nilikubali. Lakini roho iliniuma kidogo, nikamuuliza kama taya yangu ingewekwa kwenye rafu zile angeitambua. Alifikiri. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Una meno ya kawaida," alisema kwa upole.

Daktari alipobanwa alikiri. Ndiyo, ni yeye, na hiyo ni siri ya kliniki, isivuke kizingiti. Meno manne yaliyobaki yangeng'olewa. Tamasha lilikuwa baada ya wiki saba, na mgonjwa alitaka kuonana na fundi ana kwa ana Ijumaa, achague rangi mwenyewe.

Kuanzia Jumanne hiyo hadi Ijumaa nyumba yetu iligeuka ukumbi wa mazoezi. Mke wangu alitunga hotuba ya kumwambia Radi. Ilikuwa na shukrani, historia, na sehemu ya tatu ambayo nilitakiwa nitoke jikoni akiisema. Kwa zile mbili za kwanza nilisimama kando ya meza nimeshika ufagio badala ya gitaa.

"Usicheke," aliniambia. "Radi hacheki hivyo."

Ijumaa ilifika. Sikuwepo, lakini daktari alinisimulia, na simulizi yake naiamini kuliko ya mke wangu. Aliingia mzee mdogo wa umbo, miaka sabini na tatu, kofia hadi nyusi, skafu imefunika mdomo, goti moja halikunji vizuri. Mke wangu akasimama. Mbele ya mtu aliyemlilia ujana wake mzima, kilichomtoka ni: "Shikamoo, mzee."

Radi akanuna. Nadhani waimbaji wa roki hawajazoea kuamkiwa.

Kisha ufundi ukamwokoa mke wangu. Akavuta taa, akasema, "Achama."

Hotuba yote ikaishia hapo.

Radi alikuwa amekuja na maagizo yake. "Nataka meno ya mtangazaji wa televisheni," alisema. "Meupe, yamebanana. Huu mwanya umenichosha. Tangu ujana mate yangu yanawarukia watu wa mstari wa mbele."

"Tunajua," alisema mke wangu.

Alitengeneza kama alivyoagizwa, ingawa nyumbani hakukulika. Aliweka sahani mezani kwa kishindo. "Mwanya wa watu anauziba," alisema, kana kwamba ni barabara ya mtaa. Fizi za Radi zilipopona, meno yalikuwa tayari, meupe na yamepangika kama vigae vya bafu. Daktari alimvalisha na kumwambia ajaribu kuongea. Mzee akatabasamu kwenye kioo, akapendeza mno. Ndipo akajaribu kuimba.

Wimbo wake mkubwa, ambao nimeusikia mara nyingi kuliko kengele ya shule, una kiitikio hiki: "Simama, sisi si sanamu!" Kilichotoka ni: "Thimama, thithi thi thanamu."

Akarudia. Ikawa vilevile, sasa na mluzi juu yake. Daktari alimwambia avumilie, ulimi utazoea ndani ya miezi miwili. Tamasha lilikuwa limebakiza siku kumi na sita. Radi aliyavua meno, akayaweka kwenye sinia, akasema tamasha livunjwe, yeye atastaafu akafuge kuku.

Mke wangu alirudi nyumbani. Alitoa santuri, akaketi chini mbele ya kicheza santuri na kioo cha mkono, akawa anapiga kiitikio kile, anakirudisha, anakipiga tena. Alijitia vidole mdomoni, akapima ulimi unagusa wapi. Alishika karatasi nyembamba mbele ya midomo aone pumzi inapita upande gani. Nami nilikuwa nasahihisha mitihani, pamba masikioni. Siku mbili nzima. Jumamosi jioni alisimama mbele yangu, nikatoa pamba.

"Ile 's' anaitoa kwenye mwanya," alisema. "Ulimi wake umezoea kupita pale miaka hamsini, na mimi nimemfungia mlango."

Jumapili alishinda karakana. Jumatatu daktari alipoona kilichotengenezwa alishika kichwa. "Mteja aliagiza yaliyobanana!"

"Mteja hajui anachotaka," alisema mke wangu. Alimpigia Radi simu mwenyewe, akamwamuru aje. Mimi aliniita niwe shahidi, au labda nimdake akizimia.

Radi alikuja, na kuku wake tayari kichwani. Aliongea habari za mabanda tangu mlangoni. Alipofunguliwa kikasha cha meno alitoa macho. Mwanya ulikuwepo, upana uleule. Na lile la kushoto lilikuwa limekatwa pembeni.

"Mama!" alisema, kwa mdomo usio na meno, hivyo ilibidi tumsikilize kwa makini. "Nimekuja kwako nipate meno mapya, unanirudishia ya zamani? Hata lile bovu?"

"Hata lile bovu."

"Kwa nini?"

Mke wangu akaweka kikasha mezani. Nilijua hotuba iko palepale kooni, sehemu zote tatu. Lakini alikuwa na hasira, na hasira haina nafasi ya hotuba.

"Kwa sababu mdomo huo nimeutazama miaka thelathini na minne," alisema, "na huo mwanya si wako peke yako. Achama."

Mzee akaachama.

Alipovaa alikaa kidogo, ulimi unatembea ndani kama mtu anayepapasa swichi chumbani kwake. Mashine ya kusagia ilikuwa imezimwa. Akasimama, akajishikiza kwenye ukingo wa meza, akaimba. Sauti ilikuwa imekwaruza, na pale juu aliikwepa noti akapita chini yake. Lakini "Simama, sisi si sanamu" ilitoka nzima, kila "s" mahali pake, kali kama zamani. Daktari alikuja kuchungulia mlangoni akiwa na glavu.

Ubeti wa pili Radi alikwama. Mke wangu akamtajia mstari. Akaendelea, akakwama tena, akatajiwa tena. Wa tatu alikwama tangu neno la kwanza.

"Hivi, mama," alisema, "haya yote umeyajulia wapi?"

Mke wangu akatazama viatu vyake. Mwanamke anayenigombeza mimi kila siku bila kupepesa! Nikaona nisimwache peke yake.

"Ana fulana kumi na moja, mzee," nilisema. "Usingizini anaimba hata nyimbo za upande wa pili wa santuri."

Nilipewa jicho ambalo nililipia baadaye. Radi akacheka, akicheka kwa meno ya mke wangu, akaniuliza mimi ni nani.

"Mume wake."

"Pole, shemeji," alisema Radi, na akanipa mkono.

Tamasha lilifanyika Jumamosi, saa kumi alasiri, kwenye uwanja wa mpira, jua bado kali. Radi alitutumia tiketi mbili za mstari wa mbele kabisa. Mke wangu alivaa fulana ya ziara ya kwanza, ambayo siku hizi inamshika sana, sitasema wapi. Nilidhani mkoba wake umebeba maji na biskuti. Ulikuwa na gundi ya meno bandia, kioo, tochi, na yale meupe yaliyobanana yamefungwa kwenye kitambaa, kwa dharura.

Radi alipotokea, uwanja mzima ulilipuka. Watu wazima wenye vipara waliruka. Mama mmoja kando yetu, mkubwa kuliko mimi, alipiga mluzi wa vidole viwili. Mke wangu hakuruka. Alikunja uso, akatazama mdomo wa Radi kama mkaguzi wa madaraja.

"Usiachame sana," alikuwa ananong'ona. "Polepole na hiyo 'a'. Kaza. Kaza, baba."

Kwenye kiitikio cha mwisho Radi alirusha kichwa nyuma na kupiga ule ukelele wake. Kucha za mke wangu zikaingia mkononi mwangu. Ukelele ulikwenda, ukaenda, ukakatika, na meno yakabaki yalipowekwa. Kisha Radi akainama mbele kutoa heshima, na sisi wa mbele tukanyunyiziwa. Nilifuta miwani. Yule mama wa mluzi alifumba macho kwa furaha.

Binti yetu alipiga simu tukiwa njiani kurudi nyumbani. "Mama! Ilikuwaje?"

"Yalikaa," alisema mke wangu.

"Nakuuliza muziki."

Nilipogeuka niliona machozi. "Sikusikia hata wimbo mmoja," alisema. "Miaka yote hii nimeota kusimama pale tena. Leo nimesimama, kumbe niko kazini."

Binti alijaribu kumbembeleza kwenye simu. Mimi mzaha wangu wote uliisha ghafla. Nimemtania mwanamke huyu tangu uchumba, na sikuwahi kufikiri kwamba hicho ninachokitania kinaweza kumpotea.

Jumamosi iliyofuata Radi alikuwa na tamasha mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa treni. Nilinunua tiketi bila kumwambia. Nilichagua zile za nyuma kabisa, juu karibu na paa, ambazo hata muuzaji aliniuliza kama nina uhakika. Kutoka huko Radi alikuwa mdogo kama punje ya mtama yenye kofia. Mdomo usingeuona hata kwa darubini.

"Umetuweka wapi?" aliuliza mke wangu.

"Huwezi kumkagua kutoka hapa," nilisema.

Alilipima jukwaa kwa macho. Kisha akavua viatu, akavisogeza chini ya kiti, na gitaa la kwanza lilipolia alikuwa ameshasimama. Aliimba kila neno, hata yale ambayo Radi aliyasahau. Aliimba mikono juu, macho yamefumba, na mwenye kiti cha mbele alisogea mwenyewe bila kuombwa. Kufika wimbo wa tano alinivuta mkono, nami nikasimama. Niligundua kwamba kiitikio nakijua chote, pamba au pasipo pamba, nikakiimba kwa sauti ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuisikia.

Nilicheza pia. Nilicheza vibaya, naambiwa, lakini kwa moyo wote. Kiuno kiliniuma hadi Jumatano, na somo la milima ya volkeno nililifundisha nimekaa.