Kiti Kilichochipua

Mtaa mzima ulimwita Bahasha tangu enzi zake za kusambaza barua. Alipostaafu alibaki na tabia mbili: kuokota vijiti njiani na kupiga chuku. Vijiti alivigeuza samani ndogo: meza ya kutosha kikombe kimoja, kitanda cha magome, kabati lenye mbegu za pilipili kuwa vishikio. Chuku zenyewe hazikuhitaji gundi.

Samani hizo alizipanga kwenye sinia dirishani, juu ya zulia la kuvumwani, ule ukijani mororo alioubandua kwenye ukuta wa bafu. Kila asubuhi alilinyunyizia maji lisinyauke. Asubuhi moja akaona kiti kimoja kimeota chunusi kwenye mguu wa nyuma, ule unaopanda juu kuwa mgongo. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Labda yai la mdudu. Akaichokoa kwa ncha ya pini, haikukimbia. Siku ya tatu chunusi ikafunguka, likatoka jani jekundujekundu lenye meno kama msumeno.

Akajaribu kuinua kiti. Miguu mitatu ikakubali, wa nne ukang'ang'ania zulia.

Hapo akakiachia haraka, maana vile vijiti alijua vilikotoka.

Miezi miwili nyuma, mkewe, mkunga mstaafu, alikwenda wiki tatu kumuuguza dada yake. Alimwachia mumewe kazi moja tu: kumwagilia mwaridi wa kwenye chungu, uliopandwa na marehemu mama mkwe wa Bahasha. Mwingine wa mbegu hiyo haukuwapo. Bahasha, kichwa kimejaa viti, akasahau. Alipokumbuka, mti umekauka kama kuni. Akaung'oa kwa woga, akakwangua miba, akatengeneza kiti. Angalau, alijiambia, ubaki katika familia.

Mkewe aliporudi akaambiwa ni mbuzi. Tena mbuzi wa heshima zake: alipanda ngazi tatu, akabisha hodi kwa pembe, akakosa wa kumjibu, akala mti mpaka mizizi na kuondoka akicheua. Mama wa watu alikiweka chungu nyuma ya mlango, udongo wake ndani.

Bahasha akachukua lenzi aliyokuwa akisomea miandiko mibaya. Kwa nini mguu huu tu? Akachunguza ile mingine: macho yake, vile vinundu vya kuchipulia, yalitazama chini. Kumbe aliifunga vichwa chini miguu juu. Huu mmoja alikuwa ameusimamisha ulivyoota. Na sasa akakumbuka: alipouchonga ncha, ndani mlikuwa na ukijani. Alidhani ni rangi nzuri tu ya mbao.

Angeweza kuupanda kimyakimya. Lakini mkono ulioua mti mzima ungeaminiwa na kijiti? Mkono unaojua ulikuwa chumba cha pili, ukikunja nguo.

"Mke wangu, njoo uone kitu."

"Kama ni kunguru amekuletea kijiti kutoka ng'ambo, nina kazi."

"Si kunguru."

Akaja, taulo begani. Akainama. Akaligusa jani kwa nyuma ya kidole, kama anayepima homa.

"Jani hili nalijua."

"Ndilo."

"Na mbuzi?"

Kichwani mwa Bahasha mbuzi wa pili alikuwa tayari, tena mwenye ndevu. Akamwacha apite zake.

"Hapakuwa na mbuzi. Nilisahau maji. Ukakauka, nikaogopa, nikaukata."

"Mbuzi gani anakula mwaridi, miba akairundika kwenye kisosi changu? Hilo nililijua siku ileile, nikangoja uniambie mwenyewe." Akaegemea karibu zaidi. "Ila hili la kiti sikulijua."

Bahasha akashika wembe akate nyuzi zilizofunga kiti, autoe ule mguu. Mkewe akamkamata kifundo cha mkono.

"Weka chini, mzee. Ukivuta unakata mizizi. Nimezalisha watoto wa kila namna. Huyu anakuja na kiti chake, basi tumpokee na kiti chake."

Wakakipanda kizima, na kipande cha zulia, katika udongo wa zamani wa kile chungu. Mkewe akachukua bahasha kuukuu, akaandika jina la mumewe, na chini yake: vijiko viwili, kila asubuhi. Akaibandika juu ya chungu.

Tangu hapo haijapita asubuhi bila vijiko hivyo. Bahasha humwagilia, halafu huchutama na lenzi yake, apate kuona chipukizi la pili litatokea wapi: mgongoni, au katikati ya kikalio.