Mkufu wa Mke wa Nondo

Mkufu wa mkononi wa mke wa Nondo ulikatika tena. Ulikuwa wa tatu katika miaka miwili, na kama ile miwili ya kwanza, haukurudi nyumbani. Mkewe aliingia jioni, akavua viatu mlangoni, akanyoosha mkono wake wa kulia ukiwa mtupu.

"Umekatika," alisema. "Nadhani umeingia kwenye mfereji wa maji machafu."

"Umekatikaje?"

"Umekatika tu, baba watoto. Vitu vinakatika."

Nondo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Jina hilo alipewa na wenzake siku alipokunja nondo ya milimita kumi kwa goti, kwa ubishi wa soda moja. Mtu wa namna hiyo ukimwambia chuma kimekatika tu, ni kama umemtukania mama yake. Katika kazi yake hakuna kinachokatika tu. Kuna kiungo kilichochomelewa ovyo, kuna chuma kilichoibiwa unene, au kuna mtu amevuta.

Binti yao wa mwisho alikuwa kwenye kochi na simu yake. Hakuinua hata kichwa.

"Baba, mnunulie mnyororo wa baiskeli. Unakuja na grisi yake kabisa."

"Nyamaza wewe."

"Tatizo hata huo utaingia mferejini, na baiskeli yake."

Mkewe alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliingia jikoni, na sauti yake ikatokea huko huko ikiwa imechoka. "Acha tu, mume wangu. Imetosha. Usinunue tena."

Maneno hayo yalimchoma Nondo kuliko cheche yoyote iliyowahi kumwingia shatini. Miaka mitatu nyuma vidole vya mkewe vilivimba kwa mvuke wa kazini, maana alikuwa anafanya kazi kwenye dobi la hospitali kubwa. Pete ya ndoa ilikataa kutoka. Muuguzi aliikata kwa kisumeno kidogo, ikiwa kidoleni vile vile. Mkewe alilia sana, na si kwa maumivu. Halafu akasema anataka mkufu wa fedha wa mkononi, wa kuvaa kila siku, akifua, akipika, akilala. "Sitaki kitu cha kukaa kabatini kinisubiri sherehe. Na nikishakivaa, sikivui tena." Ndoa yao ilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hiyo ndiyo zawadi pekee aliyowahi kuitaja kwa mdomo wake mwenyewe. Zawadi moja tu, na fundi chuma mzima ameshindwa mara tatu.

Jumamosi asubuhi Nondo alioga, akavaa shati lisilo na matundu ya moto, akaenda kwa sonara.

Duka lilikuwa chumba chembamba kama korido. Mwisho wake palikuwa na meza ya kazi, na chini ya meza kipande cha ngozi kimetandazwa kama wavu, kukinga vumbi la fedha lisipotee. Sonara alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye miwani iliyobandikwa kioo cha kukuzia juu ya jicho moja. Alikuwa anapiga tupa kitu kidogo kiasi kwamba Nondo hakukiona.

"Nataka mkufu wa mkononi. Mnene kuliko yote. Usiokatika."

"Habari za asubuhi na wewe, kaka."

"Nzuri. Mnene."

Sonara alifungua kabati la kioo, akaweka mkufu mnene kama kidole cha mtoto. Nondo aliuzungusha kwenye ngumi zote mbili, akavuta. Ukatoa mlio mdogo, vipete vikaruka, viwili vikaingia chini ya meza.

Sonara aliweka tupa yake chini.

"Haya," alisema sonara. "Huo nikufungie au unauvaa hapa hapa?"

"Umesema haukatiki."

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nimesema habari za asubuhi."

Nondo alianza kuomba radhi, lakini mwanamke alikuwa ameshaokota kipete kimoja na kumwekea kiganjani. "Angalia hapo kilipofunguka. Unaona nini?"

Nondo alikisogeza karibu na dirisha. Ndani palikuwa patupu. "Bomba," alisema.

"Bomba. Bati la fedha limekunjwa kuwa bomba ili lionekane nene. Sasa weka huu mkononi."

Alimpa mkufu mwembamba, wa vipete vya umbo la yai, usio na mapambo yoyote. Nondo alishtuka. Ulikuwa mzito kuliko ule mnene. Alijiona mjinga. Yeye kila siku anawacheka wateja wanaonunua geti la mabomba mapana wakadhani wamenunua ngome, na huku kwa mkewe ameuziwa mbuzi kwenye gunia mara tatu.

"Huo ni waya mtupu, hauna uwazi ndani," alisema sonara. "Na kila kipete kimelehemiwa. Tafuta kiungo."

Alivua miwani yake akampa. Nondo aliinama. Alitafuta kwenye kipete cha kwanza, cha pili, cha kumi. Akapitisha ukucha. Miaka ishirini na sita alikuwa anaunganisha chuma na chuma, na kila kiungo chake kilikuwa na kovu, hata akikisaga kwa mashine, hata akikipaka rangi mara mbili. Yeye mwenyewe akipita barabarani hulijua kovu lake kutoka ng'ambo. Hapa hapakuwa na kovu. Vipete vilikuwa kama vilivyozaliwa vimeshikana.

"Hakipo," alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

"Kipo. Nitakuonyesha kinavyokwenda kujificha."

Sonara alishika kipete kilicho wazi kwa kibano. Kwenye mwanya wake akaweka chembe ya lehemu, ndogo kuliko mbegu ya nyanya. Akawasha mwali mdogo wa buluu. Kipete kikaiva wekundu wa mbali, chembe ikajikusanya kuwa tone, halafu ghafla ikang'aa na kukimbilia ndani ya mwanya, kama iliyoitwa kwa jina. Kufumba na kufumbua haikuwepo. Palikuwa na duara moja zima. Nondo alikuwa na mikono iliyozoea radi ya mashine na moshi wa kukohoza, na sasa alisimama mdomo wazi kama mtoto mbele ya dirisha la mwoka mikate.

"Fanya tena," alisema.

Sonara alicheka, akafanya tena.

Nondo alivuta ule mkufu mwembamba hadi ukamchora mistari kwenye vidole. Haukutikisika. "Huu utamfaa mke wangu," alisema, akaingiza mkono mfukoni.

"Mama anafanya kazi gani?"

"Yuko dobi la hospitali. Mashine ya kunyooshea mashuka."

Mkono wa sonara ulisimama. "Ile yenye magogo mawili ya moto? Shuka linaingia huku, linatokea kule?"

"Sijui. Nadhani."

Aliuchukua mkufu, akaufungia kwenye droo. "Sikuuzii."

"Pesa yangu ina ukoma?"

"Pesa yako nzima kabisa. Wewe hujawahi kuiona hiyo mashine. Ana miaka mingapi hapo?"

"Kumi na moja."

"Nenda kaione, kaka. Ukirudi bado unautaka, nakuuzia, na soda juu."

Nondo alitoka amekunja uso. Njia nzima alimsema yule mwanamke kimoyomoyo. Lakini Jumatatu aliwaachia wenzake kazi, akajiandikisha kwenye kitabu cha mlinzi wa hospitali, akashuka ngazi kwenda chini kwenye dobi.

Joto lilimpokea mlangoni kama ukuta. Nyuma ya mvuke palikuwa na mashine yenye urefu wa lori, na magogo mawili ya chuma, kila moja nene kama pipa, yanazunguka yakitazamana. Mkewe alisimama upande mmoja, na upande wa pili mwenzake, mama mnene aliyeitwa Bi Kicheko. Walinyakua shuka lililolowa kutoka kwenye toroli, wakalitikisa mara moja likapasua hewa, wakashika pindo, wakalilisha mashine. Likaingia linavuja, likatokea ng'ambo limenyooka kama karatasi. Halafu jingine. Hawakusemezana wala hawakutazamana. Vidole vya mkewe viliingia hadi upana wa kidole kimoja kutoka kwenye yale magogo, vikarudi, vikaingia tena, mashuka manane kwa dakika, na uso wake umetulia kama mtu anayesuka nywele.

Nondo alibaki amesimama mlangoni. Huyu ndiye aliyelala naye miaka ishirini na mitatu. Huyu ndiye ambaye jioni akiulizwa kazi imekwendaje, hujibu, "Kawaida."

Kengele ya chai ililia, mashine ikazimwa. Mkewe alipogeuka akamwona, kwanza alidhani mtu amekufa.

"Nani?"

"Hakuna. Nimekuja kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Hii." Alionyesha magogo kwa kidevu.

Bi Kicheko alimtazama mwanamume, akamtazama mwenzake, na licha ya jina lake hakucheka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. "Shemeji, mimi nimechoka kukificha. Mwenzangu, utanisamehe."

Ndani ya kitambaa palikuwa na utepe wa fedha, mwembamba kama karatasi ya sigara, umepondwa bapa hadi kila kipete kimeacha alama yake kama unyayo kwenye tope. Ulikuwa mkufu wa pili.

"Unanasa kwenye uzi wa pindo," alisema mkewe taratibu. "Shuka linakwenda nao. Ukikatika, mkono unabaki."

"Yote mitatu?"

"Wa kwanza kishikizo kilivunjika chenyewe. Hii miwili, ndiyo."

"Na kitufe cha kuzimia?"

"Kiko kwangu, shemeji," alisema Bi Kicheko. "Mpaka nikifikie, magogo yameshazunguka mara mbili."

Nondo aliugeuza ule utepe chini ya taa. Alikuwa ameuonea haya, akamlaani aliyemuuzia, akaapa kununua usiokatika. Angefaulu mara ya kwanza, kitu kilichopondwa namna hii kisingekuwa fedha. Akakaa juu ya toroli la mashuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza kazi."

"Ningekukataza."

"Basi umejijibu."

"Uwe unauvua ukiingia kazini."

"Mimi nimeshavuliwa kimoja kwa msumeno. Sivui." Alisema hivyo bila ukali, akachukua kikombe chake cha chai, akampa mumewe anywe kwanza.

Jumamosi iliyofuata walikwenda wawili kwa sonara. Wanawake wakasalimiana kwa urefu, nyumbani, watoto, afya, kana kwamba Nondo ni kabati.

"Dada, dawa ni kuuvua," alisema sonara. "Nakwambia ukweli, ingawa nauza."

"Sivui."

"Kichwa ngumu kama mumeo. Basi nitakufanyia hivi." Aliupima mkufu mwembamba mkononi mwa mwanamke mwenzake, akaufupisha ukae karibu na ngozi bila kubana, usining'inie, uingie wote chini ya mkono wa sare. Halafu akakata kipete kimoja kando ya kishikizo, akaweka kingine cha waya mwembamba zaidi. Akakikunja kikafunga. Akaweka koleo chini.

"Hujalehemu hicho," alisema Nondo.

"Sitalehemu."

"Unaacha kiungo wazi makusudi?" Maisha yake yote hilo lilikuwa kosa la kufukuziwa mtu kazi.

"Huo ndio mlango wake wa kutokea. Angalia."

Alitundika mkufu kwenye msumari, akaning'iniza nyundo yake. Ukashika. Akaongeza koleo mbili na kopo la misumari. Ukashika. "Hapo hata avutwe na mtoto, hata aubane kwenye droo, ni salama." Kisha akatundika fuawe lake dogo la chuma la kugongea fedha, na kile kipete kikafunguka taratibu, bila kishindo, kama mtu anayefungua kiganja. Fuawe likaanguka kwenye ngozi. Mkufu uliobaki ulikuwa mzima, kipete kwa kipete. Nondo aliuangalia kwa miwani kutoka mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa, akaangalia tena.

"Na hivi vipete?" mkewe aliuliza.

"Nakupa kumi vya akiba. Kubadilisha ni dakika moja, hata yeye ataweza na hiyo mikono yake."

Mkewe alinyoosha mkono wa kulia, Nondo akamfungia. Alijaribu mara nne, vidole vyake havikuzoea kitu kidogo hivyo, na hakuna aliyemcheka.

Mkewe aliuvaa akifua, akipika, akilala. Fedha ikapata mikwaruzo, ikapoteza mng'ao wa dukani, ikawa na rangi ya mkono wake. Miezi minane ikapita. Alhamisi moja pindo la shuka moja lilikuwa limefumuka, uzi ukapita chini ya sare, na magogo yakavuta. Kile kipete kikafunguka, mkono ukabaki.

Siku hiyo alimpigia simu mumewe kabla hata hajakaa chini, na Nondo akaacha geti la watu likining'inia kwenye bawaba moja, akakimbia.

Mkufu, uliochomoka kwenye uzi kabla ya kufika magogoni, ulitolewa kwenye shuka ukiwa mzima. Geti lilibaki bawaba moja hadi kesho yake, na mwenye geti akakata sehemu ya malipo. Shuka moja lilichanika. Bi Kicheko alimwaga chai yake yote. Mkewe alipoteza ukucha wa kidole kidogo na nusu siku ya kazi. Hasara iliyobaki ni kipete kimoja cha fedha, uzito wake robo ya gramu.